Kaka Hataki Ngitili, Nami Nimechoka Kununua Hei

BARUA

Ndugu Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 42, mtumishi wa umma hapa Mwanza, na ni mtoto wa pili katika familia ya watoto saba. Nyumbani kwetu ni Kishapu, mkoani Shinyanga. Ninakuandikia kwa sababu jambo hili nimelizungumza na mke wangu mpaka tumechoshana, kila nikilizungumza na kaka yangu tunaishia kugombana, na wenzangu kazini, ambao hawajawahi kufuga hata kuku, jibu lao ni moja tu: acha kutuma pesa.

Baba yetu ni mzee sana, haendi tena machungani. Ng'ombe wake, ambao sasa ni 34 wakubwa kwa wadogo, wanasimamiwa na kaka yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani wakati sisi wengine tulipokwenda kusoma na kutafuta maisha mjini. Eneo letu ni ekari 58. Ekari 20 tunalima pamba, mtama na mahindi, na 38 zilizobaki ni malisho, ambayo ng'ombe huingia siku yoyote ya mwaka, kiangazi na masika, bila mpango wowote.

Ikifika Agosti hapabaki kitu. Kila mwaka ninapigiwa simu kwamba ng'ombe wanakonda na nitume pesa ya majani. Mwaka jana nilinunua marobota 300 ya hei, yaani majani yaliyokaushwa, kwa shilingi 6,000 kila moja pamoja na usafiri, yaani shilingi 1,800,000, na sehemu ya fedha hiyo niliikopa kwenye SACCOS ya kazini. Pamoja na hayo, ng'ombe wawili walikufa mwezi wa Oktoba. Mmoja nilimshuhudia mwenyewe. Alikuwa jike mwenye mimba, ameshindwa kuinuka zizini, na vijana wakapitisha miti miwili chini ya tumbo lake wakamnyanyua. Alisimama akitetemeka miguu ya nyuma, akala kama nusu ya robota, akanywa maji, nasi tukafurahi. Kesho yake hakuinuka tena.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta maarifa. Niliangalia video za mfugaji mmoja wa jimbo la Missouri, Marekani, ambaye ng'ombe wake hula majani yaliyosimama shambani mwaka mzima, hata wakati wa theluji, naye hanunui hei. Nilipomsimulia mzee mmoja wa ofisini, mwenyeji wa Meatu, alicheka akaniambia kwamba hiyo ni ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi, na kwamba Wasukuma walikuwa nayo kabla ya mimi kuzaliwa. Nikakumbuka kwamba hata babu alikuwa na ngitili nyuma ya mji wake, ila ilikufa familia ilipohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji.

Basi niliandika mpango: tufunge ekari 30 tangu mvua zinapoanza hadi Julai, asiingie hata mbuzi, tuuze ng'ombe kumi, na fedha itakayopatikana ijenge uzio wa waya na kuchimba lambo. Pasaka iliyopita niliusoma mpango huo mbele ya baba na ndugu zangu. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Unataka kuuza ng'ombe wa baba akiwa hai." Nilipojaribu kumweleza hesabu akaniambia, "Wewe unachunga kwa simu," akainuka akaondoka. Wadogo zangu wawili ambao hawajaoa walikaa kimya, lakini ninajua kwamba wanahesabu mahari yao katika zizi hilo. Baba naye hakusema neno.

Tangu siku hiyo kaka hapokei simu zangu. Wiki iliyopita shemeji alinipigia, akasema majani yameanza kuisha na wanataka kujua kama hei itakuja. Mke wangu anasema fedha hiyo ndiyo ada ya binti yetu anayeingia kidato cha tano mwakani, na siwezi kusema kwamba amekosea.

Naomba unisaidie. Je, inawezekana kweli kwa nchi kama yetu kulisha ng'ombe mwaka mzima bila kutegemea hei? Nikiacha kutuma pesa mwaka huu, kaka atalazimika kukubali mpango, au nitakuwa nimewaua ng'ombe wa baba kwa mikono yangu? Na je, ni vibaya nikienda kwa mzee peke yangu ili atoe amri, maana ng'ombe ni wake?

Mtoto wa Pili, Mwanza

JIBU

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa mzigo ulioubeba. Barua yako inaonyesha mtu anayewajali ng'ombe, anayemjali baba yake na anayeijali nyumba yake mwenyewe, na ugumu wako unatokana na kuvijali vyote hivyo kwa mshahara mmoja.

Nikiielewa barua yako vizuri, unaeleza kwamba familia yenu inaingia kiangazi kila mwaka bila akiba ya malisho, na pengo hilo linazibwa na hei unayoinunua wewe. Umepata njia ambayo unaamini italiondoa pengo, lakini anayeshika fimbo ya kuchungia ni kaka yako, na mwenye ng'ombe ni baba. Umeniuliza kuhusu majani, kuhusu pesa, na kuhusu nani mwenye neno la mwisho. Nitaanza na majani, kwa kuwa ninashuku kwamba ugomvi wenu una hesabu zaidi ndani yake kuliko mnavyodhani.

Ng'ombe wetu wa asili mwenye uzito wa kilo 250 huhitaji karibu kilo sita za majani makavu kwa siku. Ng'ombe wenu 34, ukiwaunganisha ndama na mitamba kwa makadirio, ni sawa na wakubwa 25 hivi, kwa hiyo zizi lenu linakula kama kilo 150 kila siku. Robota la kawaida lina kilo 15 au karibu na hapo. Marobota yako 300 yalikuwa tani nne na nusu, chakula cha mwezi mmoja tu, katika kiangazi ambacho kwenu hudumu miezi mitano na zaidi. Nakuandikia hesabu hii ili uone kwamba wale ng'ombe wawili hawakufa kwa sababu ulituma kidogo au ulichelewa. Mshahara wa mtumishi hauwezi kulisha kundi la ukubwa huo kwa hei ya kununua, na sidhani kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kukaa akalipiga jambo hilo hesabu pamoja nawe.

Sasa tuutazame mpango wako kwa kipimo hichohicho. Ekari 30 ni hekta 12. Malisho ya nyanda kavu yaliyopumzishwa vizuri yanaweza kutoa tani mbili za majani makavu kwa hekta katika mwaka wa mvua za wastani, na mfugaji mwangalifu hulisha nusu yake, nusu akaiachia ardhi ili mizizi isife na mvua ya kwanza isichukue udongo. Hapo una tani 12. Kwa kundi lote hizo ni siku 80. Ukiuza kumi zinakaribia miezi minne, na mabua ya mtama na mahindi kwenye zile ekari 20 yakiongezwa mwezi wa Juni na Julai, unakaribia kuuvuka mwaka. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba inawezekana, na wala hukuota ndoto. Lakini nimesema malisho yaliyopumzishwa. Ya kwenu yamekanyagwa mwaka mzima kwa miaka mingi, na mwaka wa kwanza wa kufunga huenda yasitoe hata nusu ya hizo tani mbili, kwa kuwa majani mazuri ya kudumu huchukua misimu kadhaa kurudi. Mtu aliyeuza ng'ombe kumi kwa ahadi ya majani, kisha Septemba ya kwanza akakuta majani hayatoshi, atakosa uso mbele ya ndugu zake.

Kuna swali jingine ambalo barua yako hailigusi, na ningependa ulifikirie kabla ya kuuhukumu msimamo wa kaka yako. Ukifunga ekari 30 kuanzia Novemba hadi Julai, ng'ombe watachungwa wapi wakati wa masika? Zitabaki ekari nane. Mazao yapo shambani, na ng'ombe mmoja akiingia kwenye pamba ya jirani, anayeitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji ni kaka yako. Kama kijiji kina mbuga ya pamoja ambayo ina majani na maji wakati wa mvua, mpango unasimama. Kama mbuga hiyo imeshagawanywa mashamba, mpango wako unamtaka mchungaji afanye muujiza kwa miezi minane ili apumzike minne. Huenda aliposema kwamba unachunga kwa simu alikuwa anajaribu, kwa hasira na bila kupata maneno mazuri, kukuuliza swali hilo. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nasema kwamba hukumuuliza, au kama ulimuuliza, hukuniandikia alichojibu.

Kuhusu yule mfugaji wa Missouri, mfurahie lakini usimwige kila hatua. Majani anayoyahifadhi ni ya msimu wa baridi. Yanapoingia kwenye theluji bado yana kijani chini na protini ya kutosha. Majani yetu ya joto yakishatoa mbegu na kukauka, protini yake hushuka hadi asilimia tatu au nne, na ikishuka chini ya asilimia saba vijidudu vya tumboni vinavyosaga chakula cha ng'ombe hukosa nguvu. Ndiyo maana unaweza kumwona ng'ombe tumbo limejaa na mbavu zinahesabika. Yule jike aliyenyanyuliwa kwa miti, pamoja na njaa, yawezekana alikuwa na upungufu huo, na hei iliyokatwa baada ya majani kuzeeka isingemsaidia sana hata angeila robota zima.

Hapa Kanda ya Ziwa mna kitu ambacho mfugaji wa Missouri angekitamani, yaani mashudu ya pamba yanayotoka kwenye viwanda vya kukamua mafuta, jirani kabisa nanyi. Kilo moja kwa siku kwa jike mwenye mimba humwezesha kuyatumia majani makavu ambayo bila hivyo yangempita tu. Wasipewe ndama wadogo, kwa sababu mashudu ya pamba yana sumu inayowadhuru. Maganda ya migunga yanayodondoka kiangazi pia ni chakula kizuri, na watoto wa kaka yako wanaweza kuyaokota bila gharama. Kuhusu urea, ambayo huenda umeisikia kwenye video zako, naomba usiiguse bila afisa mifugo kuwa karibu. Ikizidi kidogo au ikichanganywa vibaya huua ng'ombe mzima siku hiyohiyo.

Nikirudi kwenye ngitili, mzee wa Meatu hakukutania. Mkoa wenu ulifyekwa miti kuanzia miaka ya 1920 ili kuwaondoa mbung'o, halafu mashamba ya pamba yakapanuka, halafu watu wakahamishwa katika miaka ya 1970 na utunzaji wa ngitili za nyumbani ukavunjika. Mwalimu Nyerere alipoitembelea Shinyanga mwaka 1984 alikuta nchi inayogeuka jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tuliujua kwa jina la HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zinajulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimefufuliwa zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ulipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa wataalamu, baada ya kuhangaika na bustani za miche, waligundua kwamba wenyeji walikuwa na utaratibu wao, na mikutano ya jadi ya dagashida pamoja na sungusungu ndiyo iliyolinda mipaka. Ngitili nyingi hazikuwa na uzio wa waya. Watu walijua mpaka, na anayeuvuka alitozwa faini mbele ya wenzake.

Nakukumbusha habari hizo kwa sababu ulikwenda nyumbani na karatasi, ukaisoma mbele ya watu ambao baba yao aliwahi kuona ngitili ya babu ikifungwa na kufunguliwa. Kimya cha mzee umekichukulia kana kwamba hana la kusema. Je, kuna mtu aliyemuuliza mpaka wa ngitili ya babu ulipita wapi, ilifunguliwa mwezi gani, na nani aliruhusiwa kuingia kwanza? Desturi ilikuwa kwamba ngitili haikufunguliwa kwa kundi zima, bali kwa ndama, wagonjwa, maksai wa kulimia na majike wanaonyonyesha. Mpango ukianzia kwenye kumbukumbu zake, hautakuwa tena wa mtu wa Mwanza. Lakini iko hatari pia: mzee anaweza kukumbuka na akasema hapana, na neno lake likishatoka mbele ya watu hamtaweza kulirudia kwa miaka mingi.

Hiyo ndiyo sababu nina wasiwasi na wazo la kwenda kwake peke yako ili atoe amri. Unayo haki ya kuzungumza na baba yako, na hakuna anayeweza kukunyima. Ila amri iliyopatikana faraghani itafika kwa kaka kama hukumu iliyotolewa yeye hayupo, naye ndiye atakayetakiwa kuitekeleza kila asubuhi wewe ukiwa ofisini. Ngitili hulindwa na mtu anayeipenda. Mtu aliyelazimishwa, ng'ombe wakimchosha siku moja ya Machi, atafungua mwanya, na hutajua mpaka Agosti.

Kuhusu kuacha kutuma pesa, nakuomba utenganishe kiangazi hiki na vinavyokuja. Majani ya mwaka huu yameshaliwa. Hata kaka yako akikubali leo kila ulichoandika, ngitili haitamlisha ng'ombe yeyote kabla ya mwaka kesho. Ukikata pesa sasa bila kusema, watakaolipa ni majike wenye mimba, pamoja na shemeji na watoto wanaotegemea maziwa, na sina hakika kwamba kaka atajifunza ulichotaka ajifunze. Huenda atajifunza tu kwamba mdogo wake alimtupa. Kwa upande mwingine, ukituma kama zamani, unalipia mwezi mmoja wa chakula kwa mkopo na binti yako anasubiri ada. Mke wako si adui wa ng'ombe, na ningependa awepo mnapoamua kiwango, kisha kiwango hicho kitajwe nyumbani mapema ili watu wapange.

Katikati ya hayo mawili kuna njia ambazo zinastahili kufikiriwa. Unaweza kutuma fedha pungufu lakini kwa kazi nyingine, yaani mashudu kwa majike wenye mimba tu na hei kidogo kwa waliodhoofika, wengine wakaendelea na mabua. Faida yake ni kwamba fedha hiyohiyo inawafikia wanaoihitaji zaidi. Hatari yake ni kwamba kaka anaweza kuona unampangia mpaka ng'ombe wa kumlisha, hasa kama hamzungumzi. Unaweza pia kupendekeza wauzwe wachache sasa, kabla hawajakonda, kwa sababu ng'ombe wa Juni au Julai mnadani si ng'ombe wa Oktoba kwa bei. Lakini ukitaja kuuza wakati huu, baada ya Pasaka ile, utakuwa unagusa kidonda.

Naomba tukae kidogo kwenye kidonda hicho. Ulisema kumi. Kumi walichaguliwa na nani? Kwenye karatasi ni namba, lakini kwa kaka yako kila mmoja ana jina na ukoo, na kwa wadogo zako baadhi yao ni wake ambao hawajaolewa bado. Yawezekana katika kundi hilo wapo majike wazee wasioshika mimba na madume yasiyo na kazi, ambao hata kaka mwenyewe angeweza kukutajia bila kuumia kama angeulizwa ni yupi hafai kuingia kiangazi kijacho. Huenda angetaja wanne, huenda sita. Wadogo zako nao wana haki ya kuambiwa waziwazi mahari yao iko wapi. Ng'ombe wawili waliokufa Oktoba wangeweza kuwa sehemu ya mahari hiyo, na jambo hilo linaweza kusemwa kwa upole bila kumlaumu mtu.

Ipo pia namna ya kuanza kidogo. Ekari 15 badala ya 30, sehemu iliyo karibu na mji ambapo jicho la mtu hufika, zingeacha malisho ya masika na kuwapa majike na ndama mahali pa kukimbilia mwezi wa Septemba. Uzio wa waya ni ghali, na minyaa iliyopandwa kwa vipandikizi mvua zinapoanza imewatosha Wasukuma kwa vizazi vingi, japo huchelewa kukua na utomvu wake ni hatari kwa macho ya watoto. Udhaifu wa kuanza kidogo ni kwamba matokeo nayo huwa kidogo, na mtu asiyeamini atasema aliona mapema kwamba haifai. Kufunga eneo kubwa nako kuna hofu yake, kwa kuwa majani makavu yaliyosimama ni kuni zinazosubiri kiberiti. Moto mmoja wa mwindaji wa panya unaweza kuteketeza akiba ya mwaka mzima alasiri moja, kwa hiyo barabara ya kuzuia moto hufyekwa mapema, nao wenye busara hukata majani ya kona moja yakiwa katika maua, mwezi wa Machi au Aprili, wakayakausha na kuyafunga kwa sanduku la mbao. Hapo hei haitoki tena dukani. Inakuwa bima yenu, na protini yake ni bora kuliko ile uliyoletewa na lori.

Jambo jingine ambalo halihitaji ekari wala waya ni dume. Jike hubeba mimba miezi tisa na siku kadhaa. Kama dume linaishi na majike mwaka mzima, wengine watazaa Agosti na kunyonyesha katika ukame, na anayenyonyesha anahitaji chakula kingi zaidi kuliko asiyenyonyesha. Likitengwa na kurudishwa Februari hadi Aprili, ndama watazaliwa mvua zikiwa zimeanza. Kwa malisho ya kijijini, ambako madume ya watu hukutana machungani, jambo hili ni gumu, nami sitaki ulichukulie kuwa rahisi, lakini ni miongoni mwa mambo ambayo kaka yako anayajua kuliko mimi na wewe.

Vilevile lambo. Umeliweka mwishoni mwa mpango wako kana kwamba ni nyongeza, ilhali majani yasiyo na maji karibu hayaliki. Ng'ombe anayetembea kilomita nyingi kwenda na kurudi kunywa maji huunguza njiani alichokula. Ukijua maji ya karibu hukauka mwezi gani, huenda ukagundua kwamba fedha ya kwanza haifai kwenda kwenye uzio.

Wako ndugu watakaokushauri kwamba kundi lihamishiwe kwa jamaa walioko kusini kwenye majani. Wasukuma wengi wamefanya hivyo, na wengine wamefanikiwa. Lakini kumbuka wafugaji walioondolewa Ihefu, katika bonde la Usangu, mwaka 2006 na 2007, na migogoro na wakulima ambayo haijaisha mpaka leo. Sikuzuii, ninakutaka tu uione gharama yake pamoja na faida.

Mwisho nirudi kwa kaka yako, kwa sababu nadhani ndipo panapokuuma zaidi. Alibaki nyumbani ninyi mkaenda shule. Kwa miaka yote hiyo kazi yake haikuandikwa kwenye karatasi yoyote, na siku ya kwanza ilipoandikwa, iliandikwa kama tatizo linalohitaji suluhisho. Hilo halifanyi hesabu zako kuwa za uongo, na uchovu wako ni wa haki. Lakini ungeweza kwenda bila karatasi, mkatembea naye kwenye zile ekari 38 asubuhi anapofungua zizi, ukamwomba akuonyeshe ni wapi majani hurudi haraka na wapi yamekufa kabisa, na ng'ombe hushinda wapi mwezi wa Februari. Kama hapokei simu, shemeji amekuwa mlango wenu mpaka sasa. Mwombe amweleze kwamba unakuja kutembea machungani na si kufanya kikao. Anaweza kukataa. Anaweza pia kukuacha uchunge peke yako siku nzima juani ili uone, na ukipewa nafasi hiyo ningekushauri uikubali.

Mkipatana juu ya eneo, hata kama ni dogo, pelekeni jambo hilo kwa serikali ya kijiji ili mpaka ujulikane na majirani, na ulizeni kuhusu hati ya haki miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, maana ardhi iliyofungwa na kuonekana haitumiki masika yote huwavutia wenye uhitaji wa kulima. Muda mlio nao ni hadi mvua za kwanza, Oktoba mwishoni au Novemba. Eneo lisipofungwa majani yanapochipua, mjadala unasogea mwaka mzima.

Ukiwa tayari niandikie tena, unieleze kama kijiji chenu bado kina mbuga ya pamoja wakati wa masika, na maji ya karibu hukauka mwezi gani. Msalimie mzee, na mke wako pia.